Moto wa Pili

Likizo nzima ya Agosti mwaka wa 1956, Mastura alikuwa na kazi moja kila siku: kuvukuta mivukuto katika kibanda cha uhunzi cha baba yake, Fundi Alamin, huko Bondeni mjini Nakuru. Kilikuwa kibanda cha mabati, chenye moshi na vumbi la makaa. Watoto wenzake walimcheka kwamba ana mikono ya kuli wa reli, naye hakujali, kwa sababu hapakuwa na mvulana Bondeni aliyeweza kuvukuta kumshinda. Majirani walinong'ona kwamba hiyo si kazi ya msichana. Fundi Alamin aliwaambia kuwa Mungu alimpa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ana mikono miwili mizima, basi walitaka akae nayo bure?

Wiki hiyo kulikuwa na kazi isiyo ya kawaida. Mzungu mmoja wa Njoro alikuwa ameleta Ford kuukuu, ya kabla ya vita, akitaka igeuzwe kuwa gari la mashindano ya mbio huko Langalanga. Paa, milango na mabawa yote vilikuwa vimeng'olewa. Kulibaki fremu, injini na viti viwili, gari likafanana na kuku aliyenyonyolewa. Owino, makanika aliyefanya kazi pamoja na Alamin, alishughulikia injini. Alamin alishughulikia sehemu ya nyuma, na huko ndiko kulikokuwa na kibarua.

Ford za zamani hazikuwa na springi mbili nyuma. Zilikuwa na moja tu, iliyolala kwa kukingama juu ya ekseli, toka gurudumu hili hadi lile. Ni mabamba ya chuma yaliyopangwa pamoja, na lile refu kuliko yote limekunjwa pete kwenye ncha zake mbili. Pete hizo ndizo zinazoshika ekseli. Mzungu alitaka gari likae chini zaidi, hivyo Alamin alilazimika kuzikunjua pete na kuzikunja upya kwa upande wa pili.

"Hiyo bamba ikikatika," Owino alisema akiwa chini ya gari, "nyuma yote inaenda njia yake na mimi naenda yangu." Akacheka sana, na Mastura akacheka naye.

Siku ya Ijumaa pete mpya zilikuwa tayari. Alamin alilipasha bamba moto likawa jekundu kote, akalishika kwa koleo, akalizamisha polepole katika pipa la oili chafu. Lilipotoka lilikuwa jeusi. Akamwita binti yake karibu.

"Sikiliza, mama. Chuma cha springi kina mioto miwili. Sasa hivi hili ni gumu, lakini ukiliangusha linavunjika kama kigae. Moto wa pili ni mdogo, wa kulituliza. Pitisha kijiti kikavu juu yake, toka mwanzo hadi mwisho. Kijiti kikitoa cheche, litoe ulilaze kwenye majivu. Lisiwe jekundu tena. Na maji yasiliguse kabisa. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Adhana ililia. Alamin akanawa mikono, akavaa kofia yake, akaenda kuswali.

Mastura alianza vizuri. Alivukuta taratibu na kupitisha kijiti kama alivyoagizwa. Kisha akasikia tarumbeta, na Kadija, rafiki yake wa chanda na pete, akachungulia mlangoni.

"Mastura, toka uone! Wanapitisha sanduku la bibi harusi!"

"Niko na kazi."

"Dakika moja tu! Watu wote wako nje!"

Dakika moja ya harusi hakuna anayejua urefu wake. Mastura alipokumbuka na kurudi mbio, upepo wa kutoka ziwani ulikuwa umeingia kibandani na kuyachochea makaa. Bamba lilikuwa jekundu katikati.

Kupitia ukuta wenye matundu aliwaona watu wa kwanza wakirudi kutoka msikitini. Kama Baba angeingia na kuliona bamba likiwaka hivyo! Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mguu wake. Alilikamata bamba kwa koleo na kulitumbukiza. Mvuke ulijaa kibanda, na ndani ya mvuke ule akasikia sauti ndogo: ta.

Alilitazama kila upande, hakuona kitu. Akalifuta, akalipaka oili kwa kitambaa mpaka likang'aa kama lilivyotakiwa, akalilaza kwenye majivu.

"Kijiti kilitoa cheche?" Baba aliuliza alipoingia.

"Ndiyo, Baba."

"Bamba zima?"

"Zima."

Alamin hakuuliza zaidi. Mtoto huyu hajawahi kumdanganya juu ya chuma. Jioni ile springi ilifungwa mahali pake, bolti zikakazwa, na Mastura akashindwa kula chakula chake.

Kulipokucha Jumamosi, wingu zito lilikuwa limeukalia mlima Menengai na upepo umekufa. Owino alipaswa kulipeleka gari hadi Sachangwan, kisha ateremke mlima kwa mwendo wa mashindano ili kulijaribu. Alisimama juu ya fremu nyuma, akarukaruka. Gari lilishuka na kupanda. Chini yake kitu kikalia, kri, kri.

"Pete mpya zinazoeana tu," Alamin alisema.

Mastura alikuwa ameegemea nguzo. Alijua kwamba ile haikuwa sauti ya pete. Mara mbili alifungua kinywa chake, na mara mbili akautazama uso wa baba yake, akakifunga.

"Baba Joash," alimwambia Owino kwa sauti ya chini, "usiende leo. Mvua inakuja."

"Mvua ni simba? Haiwezi kuniuma." Owino alimtazama vizuri. "Lakini wewe Mastura, mbona unaniangalia kama mtu anaangalia maiti?"

Wakati huo Akeyo, mke wa Owino, akafika na birika la chai. Mwanawe Joash, mtoto wa miaka sita, alimtangulia mbio hadi kwenye gari.

"Baba, nibebe! Nibebe mpaka Sachangwan!"

"Keti basi, ushike hapa na mikono zote mbili."

Injini ikanguruma. Joash alikuwa akicheka, mapengo ya meno yakionekana wazi. Gari likaanza kusogea, likapita nguzo. Mastura akakimbia na kusimama mbele yake, mikono ameitanua. Owino alikanyaga breki na gari likasimama hatua moja kutoka magotini pake.

"Bamba nimelitia maji!" alipiga kelele. "Liliwaka jekundu nikalitia maji! Nilimdanganya Baba!"

Owino alizima injini. Akeyo aliweka birika chini, akamtoa mwanawe garini na kumkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. Mastura alieleza yote, machozi na makamasi yakimtoka, na Baba alimsikiliza hadi mwisho bila kumkaripia.

Iliwachukua saa mbili kulifungua bamba. Alamin alilibana ncha moja kwenye jiliwa, akavika bomba refu ncha ya pili, akawaamuru wote wasimame mbali. Bamba zima la springi hupinda, ukiliachia hurudi. Hili halikupinda hata upana wa kidole. Lilikatika kwa mlio uliowafanya majirani watoke nje.

Alamin aliokota kipande. Sehemu iliyovunjika ilikuwa nusu nyeusi, nusu inang'aa.

"Hapa panapong'aa pamevunjika sasa," alisema. "Hapa peusi pamevunjika jana."

Owino aliketi juu ya gurudumu, akashika kichwa. "Na Sachangwan vile inateremka," alisema. "Pamoja na mtoto."

Alamin alimgeukia binti yake. "Mimi pia nimekosa. Nilipaswa kulipima ugumu wake kwa tupa kabla ya kulifunga, nikaona uvivu. Lakini wewe, Mastura, kuliharibu bamba ni kosa la mkono. Nyuma ya kibanda kuna rundo la vyuma nilivyoviharibu mimi, nenda ukavihesabu. Kulipaka oili lionekane zima, mkono hauwezi kufanya hivyo peke yake. Ungeniambia jana, ningekugombeza mpaka magharibi, halafu tungewasha moto tena. Ni hayo tu uliyokuwa ukiyakimbia."

Mzungu alipoambiwa alifoka, akakosa mashindano yake. Jumatatu walianza bamba jingine. Wakati wa moto wa pili, Mastura aliona wekundu ukichungulia kwenye ncha moja.

"Baba, nimezidisha moto hapa mwisho."

Alamin alimgombeza kwelikweli, kisha wakarudia tangu mwanzo. Siku ya Alhamisi Owino alikwenda Sachangwan, akateremka, akarudi salama na vumbi puani, akiuliza kama kuna chakula.

Akeyo alikuwa amekuja kumsubiri. Alimshika Mastura mkono, wakatoka nje ya kibanda.

"Umeniokolea mtoto, sitasahau," alimwambia. "Lakini nataka kukuuliza kitu. Ulisema wakati Joash amepanda. Na kama Joash angekuwa amebaki nyumbani na mimi?"

Mastura alijua jibu.

"Huyu angeenda peke yake," Akeyo alisema, akimnyooshea kidole Owino aliyekuwa akinawa usoni. "Hukutaka kumuua, najua. Uliogopa tu. Siku nyingine ukiogopa hivyo, mwanangu, sema hapo hapo, kabla watu hawajapanda."