Mfuko wa Tatu wa Mkoba wa Safari

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, nilimmiminia bibi chai na kumshikisha kikombe mkononi. Zamani alijimiminia mwenyewe. Siku moja akamimina chai yote kwenye sahani ya mkate huku akiuliza, "Hiki kikombe leo mbona hakijai?" Tulicheka, naye akacheka. Lakini nilipogeuka nilimwona akiipapasa meza kwa kiganja, taratibu, akitafuta mahali palipolowa ili apanguse.

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu, la kulia likiwa baya zaidi. Mwenyewe aliufanyia mzaha ugonjwa wake. "Nimezaa watoto sita," alikuwa akisema, "lakini huyu wa saba, wa jicho, ndiye mtundu kupita wote. Hata kuachishwa ziwa hataki."

Daktari wa upasuaji wa macho alikuja katika hospitali ya mji wa jirani mara chache tu kwa mwaka. Jina la bibi lilikuwa kwenye orodha tangu mwaka uliopita. Tuliambiwa tukae mkao wa kula: simu ikipigwa, tufike siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana nyuma ya mlango wetu, kwenye msumari, ulining'inia mkoba wa safari. Wazo lilitoka kwa baba, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu na siku nyingi hayupo nyumbani. "Dereva hatafuti soksi honi ikishalia," baba husema. Kabla ya mkoba huo, safari zetu zilikuwa vurugu tupu. Tulipokwenda kumwona shangazi, mama alifika na kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia, na mswaki wangu tukausahau juu ya dirisha.

Mama ni fundi cherehani. Aliushona mkoba kwa mabaki ya kitambaa cha pazia, akautia mifuko mitano. Wa kwanza ulikuwa wa sabuni, wa pili wa miswaki, taulo na nguo za kubadili. Wa tatu ulikuwa wa karatasi za bibi: kadi ya hospitali, barua ya daktari wetu na majibu ya vipimo, vyote ndani ya bahasha ya plastiki yenye kifungo. Iliyobaki ilibeba maji, biskuti, tochi na waya wa kuchajia simu.

Sheria ilikuwa moja: kinachotoka kirudi kabla jua halijazama. Kila Ijumaa mama aliukagua mkoba, lakini hakuufungua. Aliubonyezabonyeza kwa vidole, mfuko baada ya mfuko. "Sabuni ipo. Taulo lipo. Karatasi zipo." Vidole vya mama vinatambua pamba na hariri gizani, kwa hiyo sisi sote tuliviamini kama mizani.

Ilikuwa wiki ya mvua nilipofanya kosa. Mwalimu alikuwa amenichagua kuchora ramani ya mito kwa ajili ya siku ya wazazi, na niliogopa italowa njiani. Nikaitazama ile bahasha ya plastiki. Nikajiambia, "Naiazima asubuhi, jioni nairudisha." Nikazitoa karatasi za bibi, na ili zisikunjike nikazilaza katikati ya atlasi ya shule niliyokuwa nimeiazima.

Jioni bahasha haikurudi. Mwalimu alisema ramani ibaki ndani yake kabatini mpaka siku ya wazazi. Kesho yake mwalimu wa maktaba akapita darasani akikusanya atlasi zote, nami nikampa ya kwangu. Nilikumbuka karatasi zilizo ndani alipokwisha kutoka. Nitazifuata kesho, nikasema. Kesho maktaba ilikuwa imefungwa. Kesho kutwa nilikuwa na zamu ya usafi. Kesho zikawa nyingi.

Halafu ikafika Ijumaa. Mama yuko kazini, nami nimesimama mbele ya mkoba, mfuko wa tatu umenywea kama puto lililotoboka. Kwenye kapu la kazi la mama kulikuwa na karatasi ngumu anazotumia kama kipimo cha kukatia kola za mashati. Nikachukua chache, nikazikunja, nikazifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuzisokomeza.

Jioni vidole vya mama vikapita. "Karatasi zipo," akasema.

Niliona aibu, lakini niliona nafuu pia, na nafuu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, simu ya mama ikalia. Akasikiliza, akakaa kitako sakafuni.

"Mama!" akamwita bibi. "Mama, amka! Kuna mgonjwa ameahirisha. Nafasi ni yako, ila tuwe tumefika kabla ya saa nne. Tusipofika, wanamwita anayefuata!"

Nilisimama nikiutazama mfuko wa tatu.

"Usisimame kama nguzo, mwanangu, mvishe bibi yako viatu. Utakuja nasi, nani atamshika mkono wakati mimi nahangaika na makarani?"

Dakika kumi tu tukawa nje. Mama alitungua mkoba kwenye msumari kama anayechuma tunda. Jirani aliyekuwa akifagia uwanja akashangaa. "Mnasafiri? Hivi hivi? Mimi hata chanuo ningekuwa bado sijaliona!"

"Sisi tulishafungasha zamani," mama akajibu kwa fahari.

Tulipita mbele ya geti la shule yetu tukielekea kituo cha mabasi. Atlasi zilikuwa mle, hatua chache tu. Nikamtazama mama, nikaitazama saa yake. Nikajidanganya tena: hospitali kubwa kama ile itakosaje karatasi zake yenyewe? Ndani ya basi bibi alinishika mkono akasema, "Mbona vidole vyako ni vya baridi? Anayepasuliwa ni mimi au wewe?" Abiria wa kiti cha mbele wakacheka. Mimi nikageukia dirishani.

Tulifika saa tatu na robo. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na mabenchi marefu ya mbao na dirisha moja la kioo, na nyuma ya kioo alikaa karani mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

"Hongereni, mmewahi," akasema. "Mimi huwa nawaambia watu, asubuhi haimngoji mtu. Nipeni kadi, barua na vipimo."

Mama akafungua mfuko wa tatu. Akatoa kifurushi cha nailoni, akakitazama kwa mshangao, akakifungua. Karatasi ngumu zikachanua juu ya meza ya karani. Kola. Kola tano za mashati, zina alama za kalamu ya mama.

Karani alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Mama," akauliza pole pole, "mmekuja kupasua jicho au kushona shati?"

Mama hakucheka. Alikuwa amepauka midomo. Aligeuza mkoba juu chini: sabuni, taulo, biskuti, tochi, vyote vikamwagika sakafuni. Karatasi hakuna.

"Hizi ni kola zangu," akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Nimezichanganya mimi mwenyewe. Kwa haraka zangu za kazi nimetia kola, karatasi za mama yangu nimetupa na vitambaa. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii!"

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Sikuwa nimejiandaa kumwona mama akijihukumu kwa kosa langu.

"Usilie, mwanangu," bibi akasema, akimtafuta bega kwa kupapasa hewa. "Fundi naye huchoka. Nimekaa gizani muda wote huu, nitakaa tena kidogo."

Karani akatazama saa ya ukutani. "Bila vipimo daktari hagusi jicho. Ni usalama wa mgonjwa mwenyewe. Ikifika saa nne kamili inanibidi nimwite mwingine. Samahani, bibi."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani angejua. Lakini mkono wa bibi ulikuwa bado unatafuta bega la mama, ukipita kushoto, ukipita kulia, na sikuweza kuutazama zaidi.

"Ni mimi," nikasema.

Mama hakunisikia. Nikasema tena, safari hii kwa kelele mpaka watu wa mabenchi wakageuka. "Mama, ni mimi! Niliichukua bahasha niweke ramani. Karatasi ziko shuleni, ndani ya atlasi. Kola niliweka mimi ili usijue."

Mama alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo za mwanawe. Kisha, badala ya kunipiga kofi nililolingojea, akanikabidhi simu. "Mpigie mwalimu wako. Umweleze mwenyewe. Usipunguze neno."

Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatika. Saa ya ukutani ilionyesha tatu na dakika thelathini na mbili. Mara ya tatu mwalimu wa darasa akapokea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Uko wapi wewe? Jina lako nimeliita mara mbili!"

Nikamweleza. Nilieleza huku nalia, na sikupunguza neno. Upande wa pili nikasikia viatu vikikimbia na mlango ukigonga ukuta.

"Niko maktaba. Atlasi ipi? Hapa zipo arobaini, zote zinafanana!"

"Yenye mgongo uliobandikwa plasta, mwalimu. Plasta ya kidonda. Karatasi ziko kwenye ukurasa wa mito."

Tulisikia atlasi zikiangushwa moja moja juu ya meza. Mwalimu wa maktaba alikuwa akilalamika, "Jamani, nimezipanga jana tu!" Karani alikuwa ameacha kuandika. Hata watu wa mabenchi walikuwa wametega masikio.

"Ninazo!" mwalimu akapaza sauti. "Kadi, barua, majibu mawili ya vipimo. Nazipiga picha sasa hivi."

Picha zikaingia kwenye simu ya mama moja baada ya nyingine. Karani alizikuza kwa vidole, akasoma tarehe, akatazama mihuri, akaipeleka simu kwa daktari ndani. Tulingoja. Bibi alikuwa akisema maneno ya chini chini, sijui alikuwa akiomba au akihesabu. Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane karani aliporudi.

"Daktari amekubali aanze na picha, na shinikizo la damu atampima upya hapa. Lakini karatasi zenyewe nizione kesho asubuhi."

"Mwalimu atazituma kwa basi la jioni," mama akasema. Kisha akakaa palepale juu ya taulo lililomwagika.

Walimpeleka bibi ndani. Tukabaki tunaokota vitu sakafuni, mimi na mama. Nilidhani hatanisemesha tena mpaka nizeeke. Alipofika kwenye zile kola akazinyoosha juu ya goti, moja juu ya nyingine.

"Unajua kilichonishtua?" akasema hatimaye. "Si bahasha. Bahasha ungeniomba ningekupa. Kama ungeuacha mfuko mtupu, Ijumaa vidole vyangu vingejua, ningekugombeza dakika mbili, na jioni hiyo hiyo tungekwenda kwa mwalimu. Mfuko mtupu husema ukweli, mwanangu. Unaniambia nijaze. Uliojazwa uongo ndio ulionipandisha basi."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe uliposema, 'Ni mimi.' Ulichelewa, lakini ulisema mbele ya watu, wakati ungeweza kunyamaza. Hilo nimeliona. Na mimi nina langu. Nilikagua kwa mazoea. Anayefungasha mapema asidhani kazi imekwisha. Afungue macho atazame."

Kesho yake asubuhi, karatasi zikiwa mezani kwa karani, muuguzi alimfungua bibi bandeji ya jicho la kulia. Bibi alipepesa jicho. Alitazama dari, akatazama dirisha, akanitazama mimi kwa muda mrefu mpaka nikainamisha kichwa.

"Inua uso," akaniambia. "Nimengoja mwaka mzima kuuona, halafu unanificha?"

Niliuinua. Mama alisimama nyuma yangu, akanishika mabega yote mawili.

Siku hizi kukagua mkoba ni kazi yangu. Kila Ijumaa naumwaga wote mezani, kitu kimoja kimoja, na mama husimama akitazama, mikono ameikunja kifuani. Jicho la kushoto la bibi linangoja zamu yake. Ijumaa iliyopita sabuni ilikuwa imekwisha, nami nikasema kwa sauti kubwa, kila mtu asikie, "Mfuko wa kwanza ni mtupu."

"Vizuri," mama akasema. "Nenda kalete nyingine."