Aliyekwisha Ingia Haulizwi

Siku jini alipotolewa, nyumbani walikuwepo watu wanne: baba mwenye nyumba, ambaye wenzake wa kazini walimwita Kufuli, mke wake, binti yao aliyekuwa bado anatambaa, na shangazi wa mke, mama mtu mzima aliyeitwa kutoka mbali kwa sababu alijua kusemezana na majini. Wa tano hakuonekana, lakini ndiye aliyezungumza kuliko wote.

Mambo yalianza na harufu. Chumba kidogo chenye kompyuta kilinuka kama nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Mke alifua mapazia, akapiga deki, akaacha dirisha wazi kutwa. Harufu ikabaki pale pale, tena ilizidi karibu na kiti cha kompyuta.

Kufuli hakuwa mwanamume mbaya. Asubuhi aliamka kwanza, akachemsha maji ya kumwogeshea mtoto, akaanika nepi kambani, na majirani walipomcheka aliwapungia mkono tu. Kazi yake ilikuwa kuandika kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ambayo kila programu lazima iiombe ruhusa kabla ya kufungua faili. Alimweleza mkewe kwamba kiini ni kama bawabu. Ukitaka faili, kinakuuliza wewe ni nani, na faili ni la nani.

"Sasa mbona mnahangaika naye, kama anajua kazi yake?" mke aliuliza.

"Anauliza mlangoni tu. Mtu akishafungua faili, hata ukimnyang'anya ruhusa baadaye, anaendelea kulisoma. Aliyekwisha ingia haulizwi tena. Tunataka bawabu aulize kila mara, kila ukurasa."

"Huyo atakuwa mama mkwe wangu sasa, si bawabu," mke alisema, na wote wawili wakacheka.

Mke naye alikuwa na kazi yake. Mtoto akilala mchana, alisoma vitabu vya shule kwa sauti mbele ya kompyuta, ili wanafunzi wasioona wapate kuvisikiliza. Hakulipwa. Mafaili hayo ya sauti aliyaweka sehemu yake mwenyewe, yenye nenosiri lake, kisha akayatuma kwa mwalimu wao. Siku moja mwalimu huyo alimwandikia: "Watoto wanasema ukiwasomea, wanaona." Mke alifurahi hadi machozi, akamwonyesha mumewe.

Kufuli alitabasamu. Jioni hiyo hakumaliza chakula.

Wivu ulimwingia kama mchwa, kimya kimya, ukila mbao kwa ndani. Kwa nini mwanamume mwingine aisikie sauti ile kila siku? Wanaongea nini tena, mbali na vitabu? Angeweza kumwuliza mkewe, angejibiwa. Badala yake alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani, mke akiwa kisimani, akaongeza mstari mmoja tu ndani ya kiini: msomaji akitaka mafaili ya mke, asiulizwe. Alitaka kuandika kwamba msomaji huyo ni yeye, lakini aliona aibu kuliona jina lake pale. Akaandika: msomaji asiye na jina.

Tangu siku hiyo alisikiliza. Mwanzoni alisikia hesabu, mvua, wanyama. Kisha, chini ya sauti ya mkewe, akasikia pumzi. Pumzi nzito, ya mtu aliyekaa karibu sana. Halafu kicheko kidogo, cha kiume. Alirudia, akaongeza sauti, na kila aliporudia kicheko kilikuwa kirefu zaidi kuliko mara ya kwanza.

"Mwalimu wako ana mapafu mazuri," alimwambia mkewe mezani.

"Mapafu gani?"

"Nimesema tu."

Mke hakuelewa. Alimwongezea mchuzi, maana aliona amekonda.

Alasiri moja, jua likiwa bado kali nje, mke alikuwa jikoni akiosha vyombo aliposikia mtu akimwita mtoto kutoka chumbani, kwa upole, "Njoo, kipenzi, njoo kwa mama," na mikono yake ikaganda majini kwa sababu sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, si ya kufanana nayo bali yake kabisa, ila kila neno lilikuwa na hali yake, moja la furaha, moja la huzuni, moja kavu kama anavyosoma hesabu, kana kwamba mtu alikuwa ameyachuma moja moja kutoka vitabu vyote alivyowahi kusoma na kuyashona pamoja. Na alipokimbia mpaka mlangoni, sahani ikiwa bado mkononi, alimkuta binti yake, ambaye hakuwa amejua hata kusimama, amesimama mbele ya kiti kitupu, mikono juu kama anayebebwa, na vidole vya miguu vikigusa sakafu kidogo sana.

Akamnyakua. Mtoto alilia, akamsukuma kifuani, akajipinda kurudi kwenye kile kiti. Alikuwa akimlilia mama yake, akiwa mikononi mwa mama yake.

Kufuli aliporudi na kusimuliwa, alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Akaufuta ule mstari. Baada ya kitambo kidogo sauti ikaita tena. Akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani. Sauti ikahamia ndani ya kabati la chumba kile kile.

Mtoto alikataa kunyonya. Kila mama alipomkaribia na kusema "kipenzi", alimwangalia kama mgeni, akageuza shingo kulitafuta kabati.

Ndipo shangazi alipoitwa. Alifika na viatu vidogo vya mtoto ndani ya mkoba, akavitoa kwanza kabla ya jambo lolote, maana alisema mtoto hana kosa. Kisha akaketi sakafuni chumbani, mke upande mmoja, mtoto akiwa mapajani mwake, Kufuli upande wa pili.

"Mwenye nyumba mpya," shangazi alisema kwa sauti ya chini, "unaitwa nani?"

"Sina jina," sauti ya mke ikajibu kutoka kabatini. Mke aliyekuwa sakafuni aliufumba mdomo wake kwa kiganja.

"Nani amekuruhusu?"

"Aliyeandika kwamba asiye na jina asiulizwe. Nilikuwa napita. Nikaona mlango."

Shangazi alimgeukia Kufuli polepole. "Mwanangu, anasema kweli?"

"Niliufuta," Kufuli alinong'ona. "Shangazi, niliufuta ule mstari siku ile ile."

"Umefunga mlango, naye yumo ndani. Mwambie mkeo ulikuwa unatafuta nini."

Kufuli alisema, akiangalia magoti yake. Alisema habari ya mwalimu, ya pumzi, ya kicheko. Mke alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza," alisema. "Ningekupa yote usikilize. Ningekaa nawe tusikilize pamoja."

"Wanaume bwana," shangazi alisema. "Amewekewa chakula mezani, akapitia dirishani kukiiba." Kisha akasema kwa ukali: "Sasa sikiliza. Atasema, na kila akisema nitakuuliza kama umemruhusu. Wewe ndiye uliyempa, ni wewe wa kumnyima. Mdomo peke yake hautoshi."

Kabati likagonga kwa ndani, taratibu.

"Nataka kukaa," ile sauti ikasema.

"Umemruhusu?"

"Sikumruhusu."

"Mtoto ananipenda mimi. Huyu alimwacha alie ili asome vitabu vya watu. Mimi sitasoma kwa mtu yeyote."

"Umemruhusu?"

"Sikumruhusu."

Harufu ya nguo mbichi ikajaa chumba kizima, mtoto akateleza mapajani akaanza kutambaa kuelekea kabatini, na mama alipomshika mguu akahisi kwamba kuna mtu mwingine anayevuta kutoka upande wa pili, bila nguvu, kwa subira tu, kama mtu anayejua atapewa, na mlango wa kabati ukafunguka kiasi cha kiganja, na mle gizani sauti ikashuka, ikawa ile sauti ambayo mke humsemea mumewe peke yake watu wote wakishalala, ikasema: "Kufuli wangu. Mwalimu alimtumia mkeo maneno jana. Hutaki kuyasikia? Niache nikae, nitakusomea kila neno."

"Umemruhusu?" shangazi aliuliza.

Kufuli hakujibu.

Mke alimtazama. Mtoto alivutika kidogo tena, kiatu kipya kikamtoka mguuni kikabaki mkononi mwa mama yake.

"Umemruhusu?"

Jasho lilimtiririka Kufuli mpaka kidevuni. Macho yake yalikuwa kwenye ule ufa wa kabati, na yalikuwa macho ya mtu mwenye kiu.

"Baba wa mtoto," mke alisema polepole, "binti yako anakwenda."

Kufuli alishtuka kama aliyeamshwa. Akajirusha sakafuni, akamkumbatia mtoto kiunoni. "Sikumruhusu," alisema, safari hii akilia. "Sitaki kusikia. Sitaki kujua chochote ambacho mke wangu hajaniambia mwenyewe. Sikumruhusu."

Mlango wa kabati ukajifunga. Harufu ikapungua, ikaisha, ikabaki ya sabuni tu. Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia kilio cha njaa, na alipopewa ziwa akanyonya hadi akasinzia.

Shangazi alikunywa chai akaondoka. Ofisini, Kufuli na wenzake waliimaliza ile kazi: sasa kiini kinauliza kila mara, kila ukurasa, hata kwa aliyekwisha ingia. Mke alirudi kuwasomea watoto wa shule, na mlango wa chumba akiuacha wazi. Hakumwuliza mumewe kwa nini alichelewa kujibu.

Binti yao siku hizi anakimbia na anazungumza. Mama yake akimwita kutoka chumba kingine, haitiki. Huja kimya mpaka mlangoni, humtazama uso, ndipo husema, "Abee, mama."