Macho Mawili Juu ya Aproni

Injini ilikohoa mara tatu, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na mawimbi yalikuwa yamefika kimo cha mlango.

Spana, fundi na dereva wa boti, aliipiga injini teke. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa tiba yake ya kwanza, na mara nyingi ilitosha. Safari hii haikutosha. Akafungua kifuniko, akachungulia, akakifunga taratibu kama mtu aliyefunua sufuria ya watu akakuta hakuna kitu.

"Imekunywa maji," alisema.

"Mengi?" aliuliza mtafiti.

"Kuliko tutakayokunywa sisi leo."

Walikuwa watatu. Mtafiti aliitwa Daktari na watu wote wa maabara ya bahari, ingawa hakuwahi kutibu hata mafua. Wagonjwa wake walikuwa dome, yule ndugu wa ngisi, mnene, mwenye mikono kumi mdomoni na mfupa mweupe mwepesi uliofichwa mgongoni. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga picha jinsi mnyama huyo anavyojificha: anatua juu ya mchanga, anakuwa mchanga; anasogea kwenye majani, anakuwa majani. Wa tatu alikuwa kaka yake wa kuzaliwa, mpishi wa shule ya bweni, mtu aliyewapikia maharage wanafunzi mia sita kwa miaka kumi na minne bila kuua hata mmoja, rekodi ambayo wanafunzi wenyewe walishindwa kuieleza kisayansi.

Kaka hakujua kuogelea. Alikuwa likizo, na dada yake alikuwa amemwomba aje wiki moja tu awapikie watu wa kambi ya utafiti. Aliposita, Daktari alimwambia bahari ya upande ule ni beseni. Sasa beseni lilimnyanyua Kaka, likambwaga, likamnyanyua tena, naye alikuwa ameukumbatia ukingo wa boti kwa mikono miwili. Daktari alimtazama mara moja akaacha. Alikuwa amemleta yeye.

Akaishika redio. Alitaja namba ya boti, akataja mwamba walioupita, akasema ni watu watatu, injini imekufa. Sauti upande wa pili ilimwomba arudie. Kabla hajarudia, wimbi liliingia ndani kama mwalimu wa nidhamu anavyoingia bwenini, bila kubisha hodi, na likaondoka na redio.

Nusu saa baadaye boti iligonga mwamba.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja sahani ndani ya blanketi. Ubavu ukapasuka, maji yakaingia, Spana akarushwa juu ya ule upasuko. Aliponyanyuka, mguu wake wa kulia ulikuwa umefunguka kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Wimbi lililofuata liliwavusha mwamba wote watatu, pamoja na makasia na ndoo ya chakula, likawatupa kwenye maji mafupi. Kaka alimeza bahari, akatapika bahari, akajikuta amesimama. Mbele yao palikuwa na fungu la mchanga mweupe, refu kama uwanja wa mpira na jembamba kama barabara. Boti haikuja nao. Ilibaki upande wa pili wa mwamba, ikizama polepole.

Walimburuta Spana hadi katikati ya fungu. Kaka alivua mkanda wake wa suruali, akaukaza juu ya goti la fundi hadi damu ikapungua. Alifanya hivyo kwa utulivu, kwa kuwa jikoni alikuwa ameona vidole vingi vikikatwa.

Kisha wakahesabu vitu. Makasia mawili. Ndoo ya chakula yenye mfuniko wa kukaza. Ndani yake chupa moja ya maji ya lita na nusu, mkate uliolowa, kijiko kirefu cha mbao, na chupa ya jamu iliyojaa kitu cheusi.

"Hicho nini?" aliuliza Spana.

"Wino," alisema Kaka. "Jana nilisafisha dome kumi na nne wa chakula cha jioni. Nilikuwa nautunza kwa ajili ya mchuzi."

Spana alifumba macho. Alisema kwamba tangu azaliwe alitarajia kufa na watu wenye akili timamu.

Walikunywa vifuniko viwili vya maji kila mmoja. Dhoruba ilikuwa imekwisha kupita, jua likatoka, na kwa muda mfupi hali ilionekana kuwa ya kuvumilika. Kaka akauliza fungu lile ni refu kiasi gani maji yakijaa.

Daktari hakujibu haraka, na hapo Kaka akajua. Alikuwa dada yake. Alimjua tangu alipokuwa akivunja vikombe na kunyamaza vile vile. Mwishowe Daktari alisema bahari ingeendelea kupwa hadi saa sita, kisha ingegeuka. Kufikia saa tisa alasiri, hapo walipoketi pangekuwa na maji ya kumfika mtu shingoni. Baada ya hapo mkondo ungewachukua kuelekea nje, kwenye maji yasiyo na mwisho.

"Tuna majaketi ya kuelea," alisema.

Kaka alitazama jaketi lake. Likamtazama. Lilikuwa la kijivu.

Hapa inabidi lielezwe jambo lenyewe bila kuficha, kwa sababu ndilo lililotaka kuwaua. Dome hatofautishi rangi kama sisi, lakini mwanga na giza anavisoma kwa ukali wa kutisha. Kitu chochote kinachojitokeza juu ya maji humfanya abadilike, na picha ya siku nzima inaharibika. Kwa hiyo Daktari alikuwa ameweka sheria: ndani ya boti yake kisionekane kitu. Boti ilipakwa rangi ya mchanga mbichi. Makasia pia. Ndoo pia. Watu walivaa nguo za kijivu. Majaketi ya kuelea, ambayo yalizaliwa na rangi ya chungwa ili mtu aonekane akiwa anakufa, yalishonewa vifuniko vya kijivu na fundi cherehani mmoja aliyeuliza mara mbili kama ana uhakika. Fataki za kuombea msaada zilikuwa kwenye sanduku jekundu, na sanduku jekundu lilikuwa kwenye stoo ya ofisi, nyuma ya kiti kilichovunjika.

Siku ya kwanza gatini Kaka alikuwa ameuliza kama kweli watu wazima wanapaswa kuvaa kama vumbi kwa ajili ya samaki. Daktari alimjibu kwamba dome si samaki. Mazungumzo yaliishia hapo.

Ndege ilikuja saa sita na nusu. Ilikuwa ndogo, ya injini moja, ikiruka chini na polepole kama inayotafuta kitu ilichodondosha. Daktari na Kaka walikimbia, wakarusha mikono, wakapunga makasia ya rangi ya mchanga juu ya mchanga. Walijaribu kuchana vile vifuniko vya majaketi kwa meno, lakini fundi cherehani alikuwa amefanya kazi nzuri kupita malipo yake, na uzi haukukatika. Ndege ilipita juu yao hadi wakaona skrubu za tumbo lake. Haikuyumba. Ikaenda.

Kaka alikaa chini.

"Wametuona?" aliuliza Spana akiwa amelala.

"Wameona mchanga," alisema Daktari.

Maji yalianza kula ncha za fungu. Yalikuja bila kelele, vidole vyembamba vya povu vikijaribu, vikirudi, vikisogea shibiri moja zaidi. Uwanja wa mpira ukawa nusu uwanja. Midomo ya Spana ilikuwa imebadilika rangi, na alikuwa ameacha kutania, jambo lililowatisha zaidi ya damu.

Hapo ndipo Kaka alipofungua vifungo vya shati lake la kijivu. Ndani yake alikuwa amevaa aproni nyeupe ya shule, iliyokatwa kwa ajili ya mtu anayesimama mbele ya sufuria ya wanafunzi mia sita, kubwa kama shuka. Alikuwa ameivaa kwa siku nne kwa siri.

"Mpishi bila aproni ni mpita njia," alisema, bila kumtazama dada yake.

Walipoisikia ndege tena, waliikunjua na kuipunga. Aproni nyeupe, juu ya mchanga mweupe, kando ya povu jeupe. Ndege ilipita mbali kidogo, ikainama, ikanyooka, ikaenda. Daktari alipiga magoti majini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alilia, si kwa sauti, na kaka yake alisimama kando yake akiwa ameishika ile aproni kama mtu aliyetumwa kuanika nguo akakosa kamba.

Daktari alikuwa akitazama maji kati ya magoti yake. Alifikiria dome. Alikuwa amewaona mamia, na wote kwanza hujificha. Lakini mara chache mtu humkuta mnyama mahali ambapo pa kujificha pamekwisha, adui yuko juu yake, na kuwa mchanga hakusaidii tena. Hapo dome hujitandaza, anapauka mwili mzima, na mgongoni mwake yanatokea ghafla mabaka mawili meusi ya duara, kama macho ya kitu kikubwa. Yanatokea, yanafutika, yanatokea.

"Kaka. Lete wino."

"Wa mchuzi?"

"Lete."

Hawakubishana. Waliitandaza aproni juu ya mapaja ya Spana, palipokuwa mahali pakavu pa mwisho. Kaka aliumimina wino kidogo kidogo, akausambaza kwa kijiko cha mbao, kisha kwa kiganja. Mduara mmoja mpana kama sinia. Mwingine kando yake. Wino wa dome hung'ang'ania kitambaa. Kaka alikuwa na mashati mawili nyumbani ya kuthibitisha. Spana alifungua jicho moja akauliza kama wamemaliza kumfanya meza. Hiyo ilikuwa ishara njema kuliko zote.

Walifunga ncha za aproni kwenye makasia kwa kamba zake zenyewe. Maji yalifika magotini. Wakamketisha Spana, kisha wakamwinua, mkono wake mmoja shingoni mwa Kaka. Maji yalifika mapajani. Upande wa kushoto fungu lilikuwa limetoweka kabisa, na mkondo ulianza kuvuta miguu yao, kwa adabu kwanza.

"Nikianguka usiniachie," alisema Kaka.

"Hutaanguka."

"Sikuulizi kama nitaanguka, mdogo wangu."

"Sitakuachia."

Maji yalikuwa kiunoni ndege iliporudi mara ya tatu. Ilikuwa mbali, juu ya mwamba. Daktari alishika kasia moja, Kaka lingine. Walilifungua lile shuka juu ya vichwa vyao: macho mawili meusi yakakodolea mbingu. Wakalifunga. Wakafungua. Wimbi lilimpiga Kaka kifuani, akapoteza mguu mmoja, akapiga yowe, lakini kasia hakuliachia. Daktari alimshika ukosi wa jaketi kwa mkono wa pili. Funga. Fungua. Mikono iliwaka moto. Funga.

Ndege ilikuwa inaondoka. Ikaenda, ikaenda, kisha bawa moja likashuka.

Ilizunguka juu yao mara nne, chini kabisa, ikitikisa mabawa. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wanahesabu pumzi, kwa kuwa ndege haina mahali pa kutua baharini, na maji yalikuwa yamefika kifuani. Boti ya uokoaji ilipotokea, Kaka alikuwa juu ya ncha za vidole, kidevu angani, Spana akielea katikati yao, na vidole vya Daktari vilikuwa vimekaza ukosi wa jaketi hata waokoaji wakalazimika kuvifungua kimoja kimoja.

Rubani alikuja hospitali kuwaona. Alisema mara mbili za kwanza hakuona kitu. Mara ya tatu aliona kitu kikubwa kinamtazama kutoka majini, na alichotaka kwanza ni kukimbia.

Spana alitoka na mshono wa mguu mzima na fimbo, akaenda moja kwa moja kwenye stoo ya ofisi, akakivuta kile kiti kilichovunjika. Sanduku jekundu sasa limefungwa kwa boliti nne mbele ya boti mpya, na boti ni ya rangi ya chungwa pande zote. Maabara ilitaka kuitundika aproni ukutani. Kaka alikataa, alisema ni mali ya shule, aliichukua kwa saini, na muhula unafunguliwa Jumatatu. Aliirudisha jikoni ikiwa na macho yake mawili, na tangu siku hiyo hakuna mwanafunzi aliyelalamikia maharage akimtazama usoni.

Daktari alirudi kwenye chumba cha matangi wiki ya tatu, amevaa jaketi lake la kuelea, sasa la chungwa baada ya kufumuliwa kifuniko cha kijivu, ambalo hakuwa ameweza kulivua tangu siku ile, hata kitandani. Ndani ya tangi la mwisho dome alikuwa ametulia juu ya changarawe. Alipomwona Daktari akikaribia kioo, alijitandaza, akapauka, na mgongoni yakafunguka mabaka mawili meusi.

Daftari lilikuwa mezani. Kwa miaka kumi na mmoja, kila tabia hiyo ilipotokea, alikuwa ameandika neno moja: anatisha. Alilisoma kurasa kadhaa nyuma. Kisha akachukua kalamu, akalikata, akaandika juu yake: anaogopa.

Akazima taa, akatoka kinyumenyume.