Lango la Ratka

Hapana, mjukuu wangu, Ratka hakuwa mtu mbaya. Nani kakwambia? Ngoja nikueleze.

Kule kwetu Masedonia, karibu na mji wa Strumica, pilipili nyekundu za ajvar, ile rojo ya kuweka akiba ya baridi, wanawake huzichoma pamoja, nyumba kwa nyumba, wakikoroga kwa zamu. Mwaka ule mume wa Ratka yuko Ujerumani kazini, mama mkwe yuko kitandani hajiwezi, basi Ratka akafunga lango. Hakutaka majirani waone mambo yamemshinda. Akachoma peke yake, akamenya peke yake, akakoroga peke yake tangu alfajiri.

Binti yake Cveta, wa miaka kumi na mmoja, alishajua dalili. Mama akianza kuongea polepole, ujue kuna jambo. Hasira zilianza kwa sahani kupasuliwa. Halafu kofi. Shuleni Cveta alisema ameanguka.

"Lenka," mama alisema polepole jioni ile, "nilikwambia ukoroge."

Lenka, mdogo wake Cveta, aliyeachiwa sufuria kidogo, alikuwa amesinzia kwenye kigoda. Sufuria ilinuka kuungua.

"Samahani, mama."

"Samahani! Mimi mikono inawaka moto, wewe unalala?"

Mwiko mrefu kama mpini wa jembe ukapanda juu, rojo ya moto ikidondoka. Lenka akajikunyata. Cveta akakimbilia lango, akavuta komeo, akapiga kelele: "Shangazi Menka! Njoo! Mama anampiga Lenka!"

Mwiko ukabaki hewani. Jirani Menka akaingia mbio na aproni yake.

"Nipe huo, we mwanamke. Nipe." Akauchukua taratibu. "Unajiona trekta? Hata trekta huzimwa!"

Ratka akaketi chini, akalia. "Mkono umeenda wenyewe, Menka."

"Hauendi wenyewe. Umejaza uchovu na huzuni kifuani, humwambii mtu, sasa vinamwangukia aliye mdogo. Pole, dada. Lakini kuchoka si ruhusa ya kupiga mtoto. Kesho tunakwenda kwa daktari, umweleze yote. Mama mkwe wako tutamwangalia kwa zamu."

"Na mimi nilidanganya shuleni," Cveta akanong'ona.

"Utamwambia mwalimu ukweli. Ukiona hatari nyumbani, ita mtu mzima. Huko si kumsaliti mama yako, ni kumwokoa."

Ratka akamwomba Lenka msamaha. Lenka hakumsogelea, alibaki nyuma ya dada yake, na hakuna aliyemlazimisha.

Wanawake wengine wakaingia. Mmoja akaipua sufuria, mwingine akaleta maharage ya kuoka na mkate. Ratka akapakua, akaanza na sahani ya Lenka. Ndipo Lenka naye akaja, akakaa kati ya Menka na Cveta, wote wakala.