Tenki Lisilopumua

Pikipiki ilikohoa mara mbili kwenye Mtaa wa Mkunguni, ikazima.

Uwesu alipiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Mvua ya masika ilikuwa inamwagika bila huruma, na mbele yake mtu mwenye koti la kijani, juu ya pikipiki nyekundu, alikata kona ya Nyamwezi akapotea.

Uwesu hakutukana. Alitazama kifuniko cha tenki. Kishimo kinachokizunguka kilikuwa kimejaa maji hadi ukingoni. Kitundu cha kuyatolea kilikuwa kimezibwa na vumbi la kiangazi, na mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka. Maji yalikuwa yamepanda, yakaupita mpira, yakashuka tenkini. Maji ni mazito kuliko petroli. Hukaa chini, na injini hunywa kutoka chini.

Kosa lilikuwa lake. Asubuhi aliikagua bastola yake, Glock 19, mara mbili. Kifuniko hakukigusa.

"Saba, sema." Sauti ya Josepha, ikimwita kwa namba yake ya kazi, ilimjia kwenye kidude kilichofichwa sikioni. Josepha ndiye aliyeongoza operesheni, kutoka kwenye ghorofa moja la Upanga.

"Nimezimika, Mkuu. Nimempoteza Nyamwezi."

"Hajatokea upande wa pili. Yupo hapo hapo. Niufunge mtaa?"

"Ukiufunga, Tarsis amekufa."

Josepha alijua ni kweli.

Mwenye koti la kijani alikuwa amebeba vifyatuo vya mabomu vilivyoshushwa bandarini siku hiyo, vyembamba kama kalamu. Mabomu yenyewe yalishaingia mjini. Mgeni mmoja aliyejiita Robert alivisubiri vifyatuo kwenye stoo ya vitenge mtaani hapo, ili giza likiingia vipelekwe kwenye gati la meli za mafuta. Katika stoo hiyo hiyo alikuwamo Tarsis, mwenzake Uwesu, akijifanya mpanga mizigo. Alikuwa wa mwisho kuajiriwa. Polisi wakianza kusimamisha pikipiki, Robert angejua kuna mdomo ndani, na angeanza kuutafuta kwa aliyeingia mwisho.

"Pikipiki moja tu basi," Josepha alisema. "Ukishika isiyo yenyewe, hatuna ya pili."

"Najua."

Alisukuma pikipiki hadi Nyamwezi.

Chini ya baraza pana la duka la vyombo, madereva wa bodaboda walikuwa wamejibanza wakingoja mvua ikatike. Makoti ya kijani yalikuwa yameshuka bei pale Mtaa wa Kongo wiki hiyo. Karibu kila mtu alikuwa nalo. Pikipiki nyekundu zilipangwa ukutani kama meno.

"Oya, karibu wodini," alisema mmoja aliyekaa upande juu ya siti. Wenzake walimwita Zahoro. "Umeinywesha?"

"Imekunywa yenyewe."

"Ramadhani hii, mchana kweupe? Tenki lako halina adabu, kaka."

Wakacheka. Uwesu alichuchumaa, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga kwa chupa tupu. Maji yalitulia chini, meupe; petroli ikaelea juu yake. Macho yake yalikuwa sasa usawa wa matenki, nayo yakapita juu ya vifuniko, kimoja baada ya kingine.

Kila dereva alikuwa amefunga kipande cha tyubu juu ya kifuniko chake. Na kila tyubu ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni. Kijiweni hilo halifundishwi: ziba maji, usizibe hewa. Petroli inaposhuka, hewa lazima ichukue nafasi yake. Isipoingia, mafuta hugoma kutoka, na injini hunyongeka kabla haijafika mbali.

Pikipiki ya tatu kutoka mlangoni haikuwa na tyubu. Kifuniko chake kilizungushiwa silikoni nyeusi, nadhifu, mpaka kwenye tundu la ufunguo. Isingepita hata pumzi ya sisimizi. Lakini injini yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Ilikuwa imetoka mbali, ikafika bila kuzima.

Mafuta yalikuwa yanatoka kwingine.

Aliyeifunga hakuwa anafikiria safari. Alikuwa anafikiria mzigo.

Mwenye pikipiki alisimama kando yake, akiitazama mvua kama mtu anayetazama saa. Ushahidi mmoja haukutosha. Uwesu alitaka wa pili.

"Kaka," alimwambia, "nigawie petroli kidogo, kifuniko kimoja tu, nisafishe kabureta."

Siku ya mvua hilo si ombi la kuombaomba. Kila dereva hutoa, kwa kuwa kesho ni zamu yake.

"Sina."

Zahoro aligeuka. "Huna vipi, mwanangu? Si umeingia hapa unaunguruma? Unaendesha kwa dua?"

Baraza zima lilicheka. Yule mtu hakucheka. Mkono wake wa kulia ulizama ndani ya koti.

Ushahidi wa pili huo.

Uwesu alishafika. Alimwinamia kama anayemnong'oneza rafiki, na mdomo wa Glock, kupitia mfuko wa koti, ukagusa ubavu.

"Toa mkono. Mtupu. Kisha cheka kidogo."

Mtu yule alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya.

"Jina lako?"

"Ismail."

"Ismail, pikipiki yako imeingia maji. Mpigie Robert umwambie hivyo. Mzigo mkavu, lakini huwaki. Atume mtu."

"Atamtuma nani mvua hii?"

"Mgeni wa kazi. Siku zote hutumwa mgeni wa kazi."

Ismail alipiga kwa simu ya Tecno iliyopasuka kioo. Uwesu alisogeza sikio.

"Maji? Yameingia wapi?" Kiswahili cha Robert kilikuwa safi, cha kusomea.

"Kwenye petroli, bosi, si kwenye mzigo. Leo zote zinazima."

Nyuma yao Zahoro, kwa hisani yake, alikuwa anaipiga kiki pikipiki ya Uwesu. Ilikohoa, ikafa. Ikakohoa, ikafa.

Robert alinyamaza.

Uhai wa Tarsis ulikuwa ndani ya kimya hicho. Uwesu alikisikiliza kama anavyosikiliza bei ya nyanya. Tangu wamzike mwenzao Abdulhamid mwaka jana, mapigo ya moyo wake hayakupanda kwa jambo lolote. Alikuwa ameacha kulifikiria hilo.

"Namtuma yule mpya," Robert alisema, akakata.

"Mkuu," Uwesu alinong'ona, "wetu anatoka. Akishavuka barabara, ingieni."

Mwavuli mweusi, Tarsis chini yake, ulitokea kwenye uchochoro, ukavuka maji ya mtaani. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo kilichoandikwa "Magodoro" kilifunguka nyuma. Watu wa Josepha wakashuka, wakaingia uchochoroni. Mlio mmoja mkavu ukasikika.

"Radi," alisema Zahoro.

"Radi," Uwesu alikubali.

"Stoo ni yetu," Josepha alisema sikioni. "Robert yuko kwenye pingu, mzima. Thibitisha mzigo."

Uwesu alizungusha kisu kwenye silikoni, akang'oa kifuniko. Hapakuwa na harufu ya petroli. Kulikuwa na kifurushi cheusi, kikavu kabisa. Chini ya siti, chupa ya soda yenye mpira mwembamba ndiyo iliyoilisha injini.

"Mzigo upo."

Kirikuu kilimchukua Ismail pamoja na pikipiki, kama watu wanaopeleka chombo kwa fundi. Tarsis alisimama barazani, akikung'uta maji ya mwavuli.

"Mambo," alisema.

"Poa."

"Ungekosea pikipiki?"

"Ungekufa."

Tarsis aliukunja mwavuli. "Hivi kaka, wewe huwa unapumua?"

Uwesu alikuwa amemaliza kumwaga maji ya tenkini, anakaza skrubu ya kabureta. Zahoro alikuja na petroli kwenye kifuniko na kipande cha tyubu begani.

"Tia hii. Na hii funga juu, lakini acha mpasuko."

"Najua."

"Ulijua asubuhi?"

Uwesu alitia petroli. Alifunga tyubu, akaacha mpasuko, akapiga kiki mara moja. Ikawaka.

Mvua ilikuwa inapungua alipofika kona ya Msimbazi. Alipunguza mwendo, akaweka kidole juu ya mpasuko, apate kusikia hewa ikivutwa ndani.

Hakuhisi kitu.

Lakini injini haikuzima, kwa hiyo hewa ilikuwa inaingia. Alirudisha mkono kwenye usukani, akashika njia ya Feri.