Punje Moja au Punje Tano?

Evarista wa Ilula hupika maharage karibu kila siku. Mbegu yake aliachiwa na marehemu mama yake. Huiva upesi, na mchuzi wake ni mzito. Siku hizi hakuna mwingine mwenye mbegu hiyo. Imebaki debe moja tu, nyumbani kwake.

Kikundi chao cha akina mama kilitaka kuchagua mbegu ya kupanda kwenye shamba la pamoja. Kila mbegu ilipikwa kwenye sufuria yake. Kila mama alionja, kisha akatia punje za mahindi kwenye bakuli la sufuria ile, kuanzia moja hadi tano. Hakuna aliyeuliza maana yake. Nani aulize maswali, na harufu ile puani!

Sufuria ya Evarista ikashika mkia.

"Basi," alisema Evarista. "Debe lililobaki nitalipika liishe. Nitapanda ya dukani."

Jirani yake Damari alishtuka. "Jamani! Mbona yako nimeipa moja?"

"Moja? Kumbe hukuipenda?"

"Nimeipenda mno! Moja si ndiyo ya kwanza? Mtoto akipata divisheni wani si tunachinja kuku?"

"Mimi nilijua tano ndiyo bora," alisema Regina, mwenzao wa kikundi. "Nikawapa wote tano. Mpishi ananitazama, nitamnyimaje?"

Wote wakacheka, isipokuwa Evarista.

Catherine, afisa ugani aliyewaongoza, alijishika kichwa. "Nisameheni, mama zangu. Kosa ni langu, sikuwaeleza. Kipimo kizuri wote hukielewa sawa. Na ukipima tena kitu kilekile, jibu halibadiliki ovyo."

Wakarudia. Safari hii kila sufuria ilikuwa na mabakuli matatu yenye picha: uso unaocheka, uso uliotulia, uso ulionuna. Kila mama alitia punje moja tu, nyuma ya pazia la khanga, bila kujua mpishi ni nani. Catherine aliweka maharage ya aina moja kwenye sufuria mbili, kimyakimya. Zote mbili zikapata majibu yanayokaribiana.

"Sasa naamini," alisema Catherine.

Mbegu ya Evarista ikaongoza.

Baada ya mavuno, kila mama aliondoka shambani na mbegu hiyo kichwani. Evarista aliwatazama, machozi yakamtoka kwa furaha.

"Asante sana, mwanangu," alimwambia Catherine. "Ungeona aibu kurudia, mbegu ya mama ingeishia tumboni mwangu."