Gauni Lililokimbia Penseli

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana hakuna pindo la nguo lililowahi kumshinda. Simu ndiyo iliyomtoa jasho.

Asubuhi moja, kabla ya kukaa kwenye cherehani, alifungua simu aone binti yake ameweka nini kwenye status. Akaona gauni la buluu lenye mikono mipana. Chini yake binti ameandika: "Natamani ningevaa hili siku ya kupokea cheti." Binti huyo alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi, zimebaki wiki mbili. Hakumwomba mama yake, kwa kuwa alijua ana kazi hadi shingoni. Mama Pindo alimwonea huruma, akaamua kulishona kimyakimya. Tatizo ni kwamba picha ya status hukaa siku moja tu, kisha hutoweka.

Basi akafanya kama anavyofanya na mishono yote. Alitandaza karatasi nyembamba juu ya kioo cha simu, akashika penseli, akaanza kufuatisha mistari. Kila mkono ukigusa kioo, gauni linakimbia, inakuja status ya mteja wake, picha ya mbuzi.

Jirani yake mwenye duka la fotokopi alimkuta akiigombeza simu. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akamweleza kwamba simu yenyewe inaweza kupiga picha ya kinachoonekana kwenye kioo. Picha hiyo huitwa skrinshoti.

"Fungua gauni," alisema. "Bonyeza kitufe cha kuwashia simu na kile cha kupunguza sauti. Vyote kwa pamoja, kisha achia."

Mama Pindo akabonyeza kimoja, halafu kingine. Kioo kikazima.

"Kwa pamoja, dada. Si mguu wako unakanyaga huku mkono unasukuma kitambaa? Vidole navyo vishirikiane hivyo hivyo."

Safari hii kioo kilimeta mara moja, na gauni likanaswa. Jirani akamwonyesha linapokaa, kwenye picha za simu yake, akamwonya asije akasambaza siri za watu kwa njia hiyo. Mama Pindo alilikuza gauni, akahesabu hata vifungo.

Siku ya cheti, binti alilia kabla hajalivaa. Jioni aliweka status ya picha yake akiwa ndani ya gauni, na maneno: "Fundi wangu ni mama."

"Itazame vizuri, Mama," alisema. "Kesho itatoweka."

Mama Pindo akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

"Kwenu itatoweka," akajibu. "Kwangu imeshakaa."